Umeumizwa kwenye ajali? Saa ya kudai fidia ilianza siku ile ile

Alifika mama mmoja hapa studio asubuhi, kipindi kikiwa hewani, akasubiri nje mpaka tumalize. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa. Ndani mlikuwa na PF3, picha mbili za eksirei, risiti za dawa na kipande cha daftari chenye namba ya simu ya mtu. Miaka 3 na miezi 2 kabla ya siku hiyo alikuwa nyuma ya bodaboda akitoka Muheza kupanda huku Amani, lori la mizigo likawafuata kwenye kona na kuwagonga. Mguu wake wa kulia una chuma hadi leo, na kazi ya kuchuma iliki ameiacha.

Dereva wa lori alifikishwa mahakamani, akakiri kosa, akalipa faini. Mwenye lori alilipa matibabu ya mwanzo, kisha akamwambia, "Mama, msimu ukiisha tutakaa tuyamalize." Msimu ukaisha, ukaja mwingine, simu ikaanza kutopokelewa. Sasa alitaka tumsaidie kumpata huyo mtu hewani ili amlipe.

Swali lake la mwisho ndilo lililotufanya tuandike makala hii: "Wanangu, kwani nimechelewa?"

Kwa kesi ya kawaida, ndiyo, alikuwa amechelewa kwa miezi miwili. Tutarudi kwake baadaye, maana habari yake haikuishia hapo. Kwanza tueleze sheria inasemaje, kwa sababu tangu tulipoligusa jambo hili kipindini tumepata maswali mengi kutoka Kisiwani, Bulwa, Zirai na hata Muheza mjini, na karibu wote wanaopiga wanaamini mambo ambayo si kweli.

Miaka 3, si 12

Tanzania Bara ina Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971. Kazi yake ni moja: kusema kila aina ya dai linaweza kufikishwa mahakamani ndani ya muda gani. Mwishoni mwa sheria hiyo kuna jedwali. Ukitaka kudai fidia kwa sababu mtu amekuumiza kwa uzembe au kwa makusudi, jedwali linakupa miaka 3. Hapo wanaingia aliyegongwa na gari au pikipiki, aliyeangukiwa na ukuta wa jirani, aliyeng'atwa na mbwa aliyeachwa bila kufungwa, aliyepigwa, na aliyeumizwa na mganga au daktari wa binafsi aliyefanya kazi kwa uzembe.

Wasikilizaji wengi wanatutajia miaka 12. Miaka 12 ipo kwenye jedwali hilo hilo, lakini ni ya madai ya ardhi. Kwa kuwa migogoro ya mashamba ndiyo inayozungumzwa zaidi barazani kwetu, namba hiyo imekaa vichwani mwa watu na wanaibandika kwenye kila kitu. Wengine wanataja miaka 6. Hiyo ni ya madai ya mkataba, kwa mfano mtu aliyenunua karafuu yako kwa makubaliano na hakulipa. Mwili wako hauna miaka 12 wala 6. Una 3.

Na wakati mwingine hauna hata hiyo 3. Jedwali lina kifungu kinachosema kwamba kudai fidia kwa kitendo kilichofanywa katika kutekeleza sheria iliyoandikwa ni mwaka 1 tu. Anayesema kwamba ameumizwa na askari au ofisa wa umma aliyekuwa anatekeleza jukumu alilopewa na sheria ajihesabie mwaka 1 na si zaidi.

Hesabu huanza siku sababu ya dai inapotokea. Kwenye ajali ni siku ya ajali. Si siku uliyotoka hospitali, si siku ulipojua jina la mwenye gari, wala si siku alipokukatalia malipo. Siku yenyewe ya tukio haihesabiwi; unaanza kesho yake. Mtu aliyegongwa tarehe 10 Machi 2024 ana hadi tarehe 10 Machi 2027. Siku ya mwisho ikiangukia wakati mahakama imefungwa, unaruhusiwa kufungua siku itakapofunguliwa. Lakini sisi tunashauri usiifikie siku hiyo. Mtandao unaweza kugoma, mvua inaweza kukata njia ya kushuka Muheza, na wakili anaweza kuwa Dodoma.

Ukichelewa hata siku moja, kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinaielekeza mahakama kulitupa shauri, hata kama uliyemshtaki hakusema neno lolote kuhusu muda. Hakimu anaweza kuona mguu wako, akakuonea huruma kabisa, na bado akalitupa. Katika kesi ya John Cornel dhidi ya A. Grevo ya mwaka 1998, Mahakama Kuu iliifananisha sheria hii na upanga usio na huruma, unaomkata kila anayenaswa. Mawakili huitaja kesi hiyo mara kwa mara hadi leo.

Mambo ambayo watu hudhani yanasimamisha saa

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia mara ya pili, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

La kwanza ni kesi ya trafiki. Ajali ikitokea, polisi hupima, huchora ramani, humpeleka dereva mahakamani. Hiyo ni kesi ya jinai, na mwenye kesi ni Jamhuri. Wewe ni shahidi. Dereva akitiwa hatiani na kupigwa faini, ile faini inaingia serikalini. Haikuhusu. Kesi yako ya fidia ni nyingine kabisa, inaitwa shauri la madai, na ni lazima uifungue mwenyewe au kwa wakili. Kesi ya jinai inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua miwili, na muda wote huo saa yako ya miaka 3 inatembea.

Hatusemi kesi ya jinai haina faida kwako. Mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru mkosaji akulipe fidia, kwa hiyo ukiitwa kutoa ushahidi mwombe mwendesha mashtaka aliweke ombi hilo mbele ya hakimu. Na dereva akitiwa hatiani, muda wa rufaa ukishapita, hukumu ile ni ushahidi mzito sana kwenye shauri lako la madai: huhitaji kuanza upya kuthibitisha kwamba alitenda kosa lile. Omba nakala iliyothibitishwa na mahakama. Mama yetu wa bahasha hakuwa nayo. Hakujua kwamba anaweza kuiomba.

La pili ni ahadi. "Tuyamalize nyumbani," "subiri bima walipe," "nikiuza machungwa nitakuita." Mazungumzo hayasimamishi saa. Mahakama ya Rufani imeliweka hili wazi katika kesi ya P & O International Ltd dhidi ya Wadhamini wa Hifadhi za Taifa (Rufaa ya Madai Na. 265 ya 2020): mazungumzo ya kabla ya kwenda mahakamani si sababu ya kusimamisha muda. Kesi ile haikuhusu ajali ya bodaboda, lakini kanuni yake ni ile ile kwa kampuni kubwa na kwa mchuma iliki. Hata barua ya wakili ya kudai malipo haisimamishi kitu. Kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji wa kata, kwa mkuu wa wilaya, au kuja kwetu redioni, hakusimamishi kitu pia. Tunasema hivi kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba tukishalitangaza jambo lao limeshafika mahali.

Hapa kuna tofauti moja ya kuijua. Kama mmeandikiana makubaliano yenye kiasi cha fedha, tarehe ya kulipa, sahihi na mashahidi, karatasi hiyo ni mkataba. Asipolipa, unaweza kumdai kwa mkataba, na dai la mkataba lina miaka yake 6 tangu alipovunja. Lakini utadai kile kilichoandikwa tu. Ukiwa umeandika laki 3 kwa sababu ulikuwa na njaa ya siku ile, utadai laki 3. Na ukisaini kwamba umepokea fedha na huna dai lingine lolote, utapata tabu kuusogeza mlango huo tena. Tumeona karatasi kama hizo zikisainiwa kitandani, mgonjwa akiwa na dripu mkononi. Usisaini kitu wodini.

La tatu ni matibabu. Mtu anasema, nitadai nikishapona, nijue hasara yangu yote. Ni wazo zuri lakini halina nafasi kwenye sheria. Unaweza kufungua shauri ukiwa bado unatibiwa na ukaeleza gharama za sasa pamoja na zile unazotarajia.

Kama kuna Serikali upande wa pili

Ukiwa umegongwa na gari la Serikali, la halmashauri au la taasisi ya umma, au umeumizwa kwa uzembe katika hospitali ya umma, huwezi kuamka na kwenda mahakamani moja kwa moja. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inakutaka kwanza utoe notisi ya siku 90. Ni barua inayosema unakusudia kushtaki na unadai nini, inakwenda kwa wizara au taasisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Mabadiliko ya mwaka 2020 yaliziingiza halmashauri na mashirika ya umma kwenye utaratibu huu, na yakasema Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye shauri. Shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo kwetu ni ile ya Tanga mjini.

Usizichukulie siku hizo 90 kama nyongeza ya bure. Hesabu kana kwamba zinakula ndani ya muda wako. Ukikumbuka kwamba baadhi ya madai haya yana mwaka 1 tu, utaona kuwa anayeanza kutafuta wakili mwezi wa 10 tayari yuko pabaya. Barua ikishafika, omba ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaouonyesha mahakamani.

Aliyeumia kazini

Huku kwetu watu wanaumia kiwandani, kwenye mashamba ya chai, kwenye mkonge kule chini, kwenye magari ya kubeba majani. Kwa ajali ya kazini kuna njia nyingine, nayo ni fupi zaidi: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya uzembe. Inatosha kuonyesha kwamba umeumia kutokana na kazi, au umeugua kutokana nayo.

Mpe mwajiri taarifa mara moja, kwa maandishi, na baki na nakala. Yeye akishajua, anatakiwa kuifikisha WCF ndani ya siku 7. Dai la fidia linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo kwa familia iliyofiwa. Mwajiri akilala, wewe usilale naye. Nenda au piga simu WCF mwenyewe. Na usijiondoe kwa kusema "mimi kibarua tu, sina mkataba." Kutokuwa na karatasi si sawa na kutokuwa mfanyakazi. Peleka taarifa, wao ndio waseme.

Tuongeze kidogo hapa, maana watu huchanganya. Kama baada ya kuumia umeachishwa kazi isivyo halali, huo ni mgogoro mwingine unaopelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake ni siku 30 tangu kuachishwa. Siku, si miezi. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60.

Watoto, wagonjwa wa akili na waliodanganywa

Mtoto aliyeumia hapotezi muda wake akiwa mtoto. Saa yake inaanza anapofikisha miaka 18, hivyo aliyegongwa akiwa darasa la nne anaweza kufungua shauri hadi kabla ya kutimiza miaka 21. Vivyo hivyo kwa mtu aliyekuwa hana akili timamu siku ya tukio. Muda wake unahesabiwa tangu hali hiyo ilipokoma.

Mzazi asilichukulie hili kama ruhusa ya kukaa. Mzazi au mlezi anaweza kufungua shauri kwa niaba ya mtoto leo, na ni vizuri afanye hivyo. Miaka 10 ijayo dereva amehama, lori limeuzwa vyuma chakavu, na yule muuza duka aliyeshuhudia yuko Dar es Salaam kwa mtoto wake au hayupo tena duniani.

Mtu aliyekuumiza akikuficha kwa udanganyifu, muda unaanza pale ulipougundua udanganyifu au ulipopaswa kuugundua kama ungefuatilia kwa uangalifu wa kawaida. Na kama ulifungua shauri kwa nia njema katika mahakama isiyo na mamlaka, ukalifuatilia kwa bidii, muda ule unaweza kutolewa kwenye hesabu. Ila katika hali hizi zote, hati yako ya madai lazima iseme wazi kwa nini hujachelewa. Usipoandika, hakimu hatakutafutia sababu.

Aliyefariki kwenye ajali ana sheria yake, Sura ya 310, inayowapa wategemezi wake haki ya kudai. Kwa familia, jambo la kwanza ni kumpata msimamizi wa mirathi mapema, kupitia mahakama ya mwanzo kwa wengi wetu. Tunajua arobaini huja kwanza. Lakini vikao vya ukoo vya kumchagua msimamizi vinaweza kuchukua mwaka mzima mkibishana juu ya shamba, na wakati huo hakuna mwenye mamlaka ya kusimama mahakamani kwa ajili ya marehemu.

Haya yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ukomo, kwa hiyo aliyeumia Pemba aulize huko. Na ndugu zetu wanaovuka Horohoro kwenda Mombasa wajue kwamba Kenya nayo inatoa miaka 3 kwa madai ya kuumizwa, lakini ukiwa unaidai Serikali ya Kenya ni miezi 12.

Unapeleka wapi, na kwa gharama gani

Shauri la fidia ya ajali dhidi ya mtu binafsi au kampuni kwa kawaida hufunguliwa mahakama ya wilaya au mahakama ya hakimu mkazi. Mahakama ya mwanzo si mahali pake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo usiogope kwamba hutaelewa karatasi zako mwenyewe. Siku hizi mashauri yanasajiliwa kwa mtandao wa Mahakama, na ada unailipa kwa ile namba ya malipo ya Serikali ambayo wote tunaiita kontroli namba. Ikishatoka, lipa siku hiyo hiyo. Shauri ambalo ada yake haijalipwa linakuweka kwenye ubishi wa tarehe, na ubishi huo ndio usioutaka.

Asiye na uwezo anaweza kuiomba mahakama imruhusu kufungua shauri bila kulipa ada. Pia ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akuelekeze kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Msaidizi wa kisheria hatasimama kukutetea mahakamani, hiyo ni kazi ya wakili, lakini atakusomea karatasi, atakuhesabia muda na atakuelekeza kwa wakili wa msaada. Huduma yake ni bure. Akikudai hela ya "kufungulia faili," si yeye.

Kwa ajali ya barabarani, usisahau bima. Piga picha stika na namba ya gari. Kwa namba hiyo unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kama gari lilikuwa na bima na ya kampuni gani, kisha uiandikie kampuni mapema. Gari lisilo na bima halikuondolei haki ya kumdai mwenyewe, ila litakupa kazi zaidi siku ya kukusanya.

Nyaraka zako zipige picha kwa simu leo na umtumie mtu mwingine mmoja nje ya nyumba yako: PF3, ripoti ya polisi ya ajali, cheti cha kutoka hospitali, risiti zote hadi ya bodaboda ya kwenda kliniki, majina na namba za mashahidi. Huku kwetu unyevu unakula karatasi. PF3 ya mama yule ilikuwa imeanza kufutika, na tarehe ilisomeka kwa shida.

Mlango uliobaki kwa mama wa bahasha

Watu wengi huambiwa, "Nenda ukaombe mahakama ikuongezee muda." Kwa rufaa na maombi, mahakama inaweza. Kwa kufungua shauri jipya la madai, haiwezi. Mwenye uwezo huo ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Ukomo. Baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Waziri akiona ni haki kufanya hivyo, anaweza kutoa amri ya kuongeza muda, lakini nyongeza hiyo haiwezi kuzidi nusu ya muda wa awali. Nusu ya miaka 3 ni mwaka 1 na miezi 6. Kwa hiyo, kwa aliyeumizwa, mwisho kabisa wa kila kitu ni miaka 4 na nusu tangu siku ya ajali. Baada ya hapo hata Waziri hana la kukusaidia.

Na hiyo si haki yako ya moja kwa moja. Ni ombi, na unaeleza sababu: ulikuwa umelazwa muda gani, ulifanya nini kila mwezi, kwa nini hukufungua shauri, una ushahidi gani. "Sikujua sheria" peke yake ni sababu dhaifu. Amri ikitolewa, ndipo unafungua shauri na kuiambatanisha. Ukitangulia kufungua shauri kabla ya amri, unajitengenezea njia ya kutupwa.

Mama wa bahasha alikuwa kwenye mwezi wa 38. Mlango wake wa mwisho ulikuwa mwezi wa 54. Tulimkutanisha na msaidizi wa kisheria Muheza, naye akampeleka kwa wakili anayetoa msaada bila malipo. Waliomba kumbukumbu zake hospitali, wakaomba nakala ya hukumu ya kesi ya dereva, wakatengeneza orodha ya siku alizolazwa na siku alizofanyiwa upasuaji, maana alirudishwa chumba cha upasuaji mara 2 katika mwaka wa pili. Barua yao imeshakwenda Wizara ya Katiba na Sheria, Dodoma. Majibu hayajarudi tulipokuwa tunaandika, na tarehe ya mwisho wakili ameiandika kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha ile ile ya kaki.

Yule mwenye lori alipopigiwa na wakili, simu aliipokea mara ya kwanza tu.